Pima, Tegesha, Pangusa

Mashine ya kupimia uga wa sumaku haina jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote, na hilo halijamzuia mtu kuitumia. Wanajiolojia huiita magnetometa. Vijana wanaokata mkuza porini huiita mashine, basi. Tabu huanza siku mtaalamu anapotaka kumwachia mmoja wa vijana hao kazi ya kubonyeza. Usoni mwa mashine kuna kibao cha vitufe, na juu ya kila kitufe neno moja la Kiingereza: READ, STORE, RECALL, TUNE, TIME, CLEAR, ERASE, ENTER. Ukiondoa TIME, maneno yote hayo ni amri. Mwenye mashine ataziweka vipi amri hizo kwa Kiswahili, kwenye kadi ndogo iliyotiwa plastiki na kufungwa kwenye mkanda wa begani?

Waundaji wa istilahi zetu wameshughulika zaidi na majina. BAKITA iliundwa mwaka 1967, TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo wino mwingi umemwagika juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, juu ya kipanya na puku. Siidharau kazi hiyo. Lakini jina hukopeka bila hasara kubwa: mmoja akisema magnetometa na mwenzake akasema kipimasumaku, mashine itakayoletwa ni ile ile. Kitenzi kilichoandikwa juu ya kitufe hakina uvumilivu huo. Aliyekielewa vibaya atabonyeza, na mashine itatii.

Kuhusu jina nitapita haraka. Mtindo wa kipima- umetupa kipimajoto na kipimamvua, kwa hiyo kipimasumaku kingefuata mkondo uleule. Kasoro yake ni kwamba mashine hii haitafuti sumaku iliyofichwa mahali, inapima uga, ambao uko kila tunaposimama. Uga katika lugha ya kila siku ni uwanja ulio wazi, wa mbele ya nyumba au wa kuchezea ngoma, na wanafizikia walifanya uungwana kulichukua neno hilo. Lakini nikisikia "kipimauga" namwona mtu wa idara ya ardhi na futi yake akigawa viwanja. Neno dira, ambalo lingetupa pa kuanzia, limeshahamia serikalini: tangu Dira ya Maendeleo ya Taifa 2025 ilipotungwa, wasomaji wengi wa Tanzania wakiliona huwaza mipango ya uchumi kabla ya sindano ya nahodha. Nabaki na magnetometa.

Sehemu inayoonyesha tarakimu vitabuni huitwa kiwambo au skrini. Kiwambo kina ukoo mzuri, kimetoka kwenye kuwamba, kazi ya kutandaza ngozi juu ya ngoma na kuivuta mpaka ikaze, na ningefurahi kama kingeshinda. Hakijashinda. Mtu aliyeangusha simu yake husema kioo kimepasuka, na akipewa magnetometa atasema kioo kimewaka au kioo hakionyeshi kitu. Kadi iandikwe KIOO.

Juu ya kioo hicho kila tarakimu imeundwa kwa vijiti saba, vitatu vimelala na vinne vimesimama. Nane huwasha vyote. Ndiyo maana mashine nyingi zikiwashwa huonyesha kwanza safu ya nane tupu, kwa sekunde moja au mbili, kisha zikaendelea na kazi. Vijana wengi huidhania salamu ya mashine. Ni ukaguzi, na mwenye kuangalia ni wewe. Kijiti cha katikati kikifa, nane yako itasomeka sifuri siku nzima. Kikifa cha juu kulia, itasomeka sita. Kikifa cha chini kushoto, itasomeka tisa, na tisa hiyo itaingia daftarini bila mtu kushtuka, kwa sababu tisa nayo ni tarakimu halali. Mwongozo wa Kiingereza utakwambia ukague vijiti vya kioo. Kwa Kiswahili ningeandika tu: "Hesabu nane zote kabla hujatoka kambini."

Sasa vitufe vyenyewe, na tuanze na READ, maana hiki ndicho kinachobonyezwa kutwa.

Jibu la kwanza la kila mtu ni "soma", na lina hoja. Tunaye msoma mita, anayekuja na daftari au simu yake kuangalia umeme au maji tuliyotumia. Kiswahili kimeshakubali kwamba namba husomwa kama herufi. Lakini fikiri anachofanya msoma mita: namba ipo tayari, imekaa pale tangu jana, yeye huleta macho. Katika magnetometa ya protoni namba haipo. Unapobonyeza READ unaianzisha kazi ya kuitengeneza.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoamua neno. Juu ya fimbo ya alumini, mita mbili au zaidi kutoka ardhini, kuna chupa iliyozungushiwa waya wa shaba. Wataalamu huiita kihisi. (Nawasihi wasiseme "sensa". Sensa tunayo, ni ya watu na makazi.) Ndani ya chupa kuna kimiminika chenye haidrojeni nyingi, na mara nyingi kimiminika hicho ni mafuta ya taa, yaleyale ya kibatari. Ukibonyeza, mkondo wa umeme hupita kwenye waya kwa sekunde moja hivi na kuzielekeza protoni za haidrojeni upande mmoja. Kisha mkondo hukatwa ghafla. Protoni, zikiwa zimeachiwa, huanza kuyumba kuuzunguka uga wa dunia kama pia ya mtoto inayokaribia kuchoka, na kuyumba huko huzalisha umeme mdogo sana kwenye waya uleule. Mashine huhesabu miyumbo hiyo. Kila nanotesla 1,000 za uga huleta miyumbo 42.6 kwa sekunde. Nairobi na Kanda ya Ziwa, ambako uga wa dunia ni kati ya nanotesla 33,000 na 34,000 hivi, protoni huyumba mara 1,400 na ushei kila sekunde. Ingekuwa ni filimbi, sikio la mtu lingeisikia vizuri sana.

Basi READ ni kuamsha, kuachia, kusikiliza na kuhesabu, yote kwa muda wa sekunde tatu hivi. Kijana aliyeambiwa "soma" hufanya kile neno linachodai: anabonyeza na papo hapo anainama kuangalia kioo, fimbo inalala, chupa inageuka, na kipimo kinaharibika kabla hakijazaliwa. Aliyeambiwa "pima" husimama. Kupima ni kitendo chenye muda ndani yake. Fundi cherehani anapokupima unatulia, daktari anapokupima unatulia. Juu ya kitufe hicho naandika PIMA, na "soma" nalibakiza kwa kile kinachofuata, macho yanapokwenda kwenye kioo. Amri moja ya Kiingereza imekuwa mbili kwetu, na kazi ikasahihika zaidi.

Nomino yake ndiyo inayosumbua. Kile unachopata baada ya kupima kiitweje? "Usomaji" ni wa maktaba. "Kipimo" ni sahihi lakini kimeelemewa: kipimo ni rula, kipimo ni kiasi cha dawa, kipimo ni majibu ya malaria. Mafundi husema "ridingi", chukua ridingi, andika ridingi, na sioni sababu ya kuwakataza.

TUNE ni kitufe ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kamusi humshinda mtu hapa na mtaa humwokoa. Kamusi zitakupa rekebisha, linganisha, patanisha. Ukimwambia kijana "rekebisha mashine" atatafuta bisibisi. "Patanisha" atauliza nani kagombana. Lakini mtu huyohuyo akitaka kuamka alfajiri hutegesha saa, na akitaka kusikia vizuri hutega sikio. Tega na tegesha yana maana ileile inayotakiwa: kuweka kitu tayari kikisubiri kitu fulani mahususi kije. Na hicho ndicho TUNE hufanya. Unaiambia mashine itarajie myumbo wa kiwango gani, ili isikilize hapo na kuacha kelele nyingine. Mashine zinazojulikana sana katika kazi hii, kama G-856 ya Geometrics, hutoka San Jose, California, ambako uga wa dunia ni karibu nanotesla 48,000. Ukiifungua Geita ikiwa bado imetegeshwa kwa uga wa huko, itakuwa inasubiri sauti ambayo protoni za hapa haziitoi, na ishara itakuwa hafifu. TEGESHA 33 (yaani nanotesla 33,000), kisha pima, kisha angalia nguvu ya ishara kwenye kioo. Kadi haihitaji maneno zaidi ya hayo.

STORE ni HIFADHI. Simu zimeshalifanya neno hilo kuwa la kila mtu, ingawa kwa masikio ya zamani lina Serengeti na dua ndani yake. Mtafsiri anayeanza leo ana bahati: Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulilazimika kuvihangaikia vitenzi hivi kimoja kimoja, na kampuni za simu zikahangaika kwa upande wao. Humo ndimo "ghairi" lilipopata kazi mpya. Kughairi ni kuanza jambo kisha ukabadili nia, hakuna aliyekulazimisha na hakuna kilichoharibika. Ni neno bora kuliko CANCEL ya Kiingereza, ambayo hunuka ofisi na mihuri. RECALL nayo wengi huitafsiri "kumbuka", na hapo nashindwa kujua ni nani anayeamrishwa kukumbuka, mimi au mashine. LETA inatosha. Leta kipimo cha kituo cha 112, na kinakuja.

CLEAR na ERASE ndivyo vinavyoniogopesha. Kwa Kiingereza ni maneno mawili. Kwa mtafsiri mwenye haraka yote ni "futa". CLEAR huondoa kile ulichokuwa unaandika kwenye kioo, umekosea namba ya mstari, unaanza upya. ERASE huondoa kilichomo ghalani, yaani kwenye kumbukumbu ya mashine: kazi ya jana, kazi ya wiki, kilomita zote walizotembea watu kwenye jua. Watengenezaji wengi wameweka kinga, huwezi kuangamiza ghala kwa kitufe kimoja, sharti ufuatishe cha pili kuthibitisha. Lakini kinga hiyo haimsaidii mtu ambaye kadi yake imemwambia futa ni futa. Atathibitisha kwa moyo mweupe.

Kiswahili hakina umaskini wowote hapa. Tunapangusa meza, tunapangusa vumbi kwenye kiti, tunapangusa jasho. Kinachopanguswa ni uso, na kitu chenyewe kinabaki. Kufuta kunaingia ndani zaidi: deni hufutwa, kesi hufutwa, jina hufutwa kwenye orodha. Basi CLEAR iwe PANGUSA, na ERASE iwe FUTA GHALA, maneno mawili, marefu kuliko kitufe chenyewe, ili kidole kisite. Nimesikia hoja kwamba "pangusa" ni neno la jikoni, halina hadhi ya maabara. Hoja hiyo imesimama juu ya dhana kwamba Kiingereza cha kwenye kitufe ni cha maabara. Sivyo. Waingereza nao husafisha meza kwa neno hilohilo.

ENTER ni INGIZA, na hakuna cha kujadili. SHIFT nimekiacha. Katika mashine za aina hii kitufe kimoja hubeba amri na tarakimu pamoja, na SHIFT ndiyo huamua ipi inahesabika. Kila neno nililojaribu lilieleza kisichokuwepo: hamisha, pandisha, badili. Na mahali kama Geita, penye migodi, shifti ni zamu ya kazi, ya mchana au ya usiku, kwa hiyo hata kuliandika kwa tahajia yetu ni kukaribisha vicheko. Kipakwe rangi nyekundu na kiitwe chekundu.

Zipo mashine nyingine za uga wa sumaku, ndogo, za mkononi, zinazotegemea jambo aliloligundua Edwin Hall huko Baltimore mwaka 1879: mkondo unaopita kwenye ubapa wa metali ukiwekwa ndani ya uga husukumwa upande, na volti ndogo hujitokeza kingoni. Hizi ni za viwandani na maabara, za kupimia sumaku za spika na mota, na husoma kwa gauss au tesla. Tesla moja ni gauss 10,000. Vitufe vyake vina maswali yake. ZERO ni rahisi, lugha yetu huzaa vitenzi bila uchungu: SIFURISHA. HOLD ni mtego. Hugandisha namba juu ya kioo ili uisome ukishaondoa ncha ya kupimia mahali palipobana. Lakini "imeganda" kwa mtumiaji wa simu maana yake imeharibika, na nimeona watu wakichomoa betri. SHIKILIA NAMBA, basi, ingawa ni ndefu.

Turudi porini, kwenye TIME, ambako shida haimo katika neno. SAA ni saa. Shida ni hesabu.

Uga wa dunia haukai mahali pamoja. Jua likipanda, mikondo ya umeme iliyo juu angani hubadilika, na kipimo cha mahali palepale hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo wapimaji huacha mashine moja kambini, haiondoki, inajipima yenyewe kila baada ya muda mfupi, na nyingine hutembea kwenye mkuza. Jioni hulinganisha: kipimo cha saa fulani kutoka mkuzani hurekebishwa kwa kile kilichochukuliwa kambini saa ileile. Saa za mashine hizo mbili zisipopatana, marekebisho yenyewe ndiyo yatakayoharibu data.

Mashine zenyewe mtu huzipatanisha asubuhi na zikakubali. Lakini daftari bado lipo, kwa sababu mashine haijui kwamba kituo cha 112 kilikuwa karibu na nyumba ya mabati, au kwamba kijana mwenye panga alisimama jirani mno. Na anayeandika daftari huwaza kwa saa yetu. Kioo kinaonyesha 08:14. Mpimaji anasema, kama kila mzaliwa wa pwani na bara angesema, "saa mbili na dakika kumi na nne", na mwandishi anaandika 2:14. Hajakosea chochote. Saa yetu huanza kuhesabu na mapambazuko, nayo ni saa nzuri kwa watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua halina tabia ya kuchelewa. Ila jioni kompyuta itakayopokea 2:14 itaitafuta saa nane ya usiku, wakati anga ilikuwa imetulia, na mabadiliko yote ya asubuhi yatabaki ndani ya data yakijifanya ni mwamba wenye chuma.

Sitaki kuona kadi inayomwambia mwandishi aache saa ya Kiswahili. Ataiacha mpaka achoke, kisha itarudi kwenye ulimi saa saba mchana, yaani 13:00, pale umakini unapopungua. Kinachofaa ni kuitenga saa ya mashine iwe kitu kingine kabisa, isisomwe kama saa. Isomwe tarakimu tupu: sifuri nane, moja nne. Hivyohivyo kwa tarehe. Mashine hizi huhesabu siku za mwaka kuanzia 1, bila miezi, kwa hiyo tarehe 15 Machi ya mwaka wa kawaida ni siku ya 74. Vijana huizoea haraka kuliko mabosi wao, labda kwa kuwa hakuna kitu kingine maishani kinachoitwa siku ya 74 cha kuwachanganya.

Limebaki la kuita namba kwa sauti. Mwenye mashine hatakiwi kuwa na kalamu ya chuma, funguo, simu wala bizimu ya mkanda, na mwandishi husimama hatua kadhaa kutoka kwake. Kati yao kuna upepo na nyasi ndefu.

"Kaka, rudia."

"Tatu, tatu, tano, nane, nne, nukta mbili."

"Nne nne?"

Hapo ndipo Kiswahili kinapotuangusha. Nne na nane hupishana kwa silabi moja nyembamba, na upepo huichukua. Tofauti ya nne na nane mahali pa mamia ni nanotesla 400, ambayo katika miamba yenye chuma ya Geita haimshangazi mtu, kwa hiyo haitagunduliwa jioni. Kuita namba nzima kwa maneno husaidia kwenye makumi tu: arobaini na themanini hazifanani hata kidogo. Kwenye mamia na maelfu tunarudi palepale, mia nne, mia nane.

Pendekezo langu limekaa nyuma ya kadi, kwa herufi kubwa. Anayeita nne aseme "nne ya arobaini", anayeita nane aseme "nane ya themanini", na mwandishi airudie ridingi nzima kabla mwenzake hajabonyeza HIFADHI.